Miguu Inauma Ndani ya Sefti Buti? Namna ya Kuchagua Soli ya Ndani Itakayokubeba

Ukipita Kariakoo, au Gikomba kwa walioko Nairobi, utakutana na soli za ndani za kila rangi: za jeli ya buluu, za sponji nyeupe, zenye vitundu vya hewa, zenye sumaku, na nyingine kifuko kimejaa maneno ya kidaktari. Muuzaji anakubonyezea moja kwa kidole uone inavyodidimia, halafu anamalizia: "Kaka, ukivaa hii unatembea hewani." Hapo ndipo hela za wengi zinapopotelea. Kubonyea chini ya kidole cha mkono ni jambo moja; kubeba mtu wa kilo 80 aliyejitwika mfuko wa saruji wa kilo 50, kutwa nzima juu ya zege, ni jambo jingine kabisa.

Mimi ni mtunza stoo wa vifaa vya usalama kwenye saiti za ujenzi hapa Dar es Salaam. Buti zinatoka mkononi mwangu zikiwa mpya na zinarudi zikiwa zimekwisha, kwa hiyo naziona soli za ndani katika hali zote mbili. Ninachokiamini ni hiki: soli huchaguliwa kwa kuangalia mahali panapouma na buti itakamoingia. Ulaini ni jambo la mwisho, na mara nyingi ndio unaodanganya.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Watu hupenda kurukia ya nne, ile ya dukani.

Hatua ya kwanza: tafuta panapouma hasa

Vua soksi, kaa kitako, pandisha mguu juu ya goti, kisha bonyeza unyayo kwa kidole gumba kuanzia kisiginoni kwenda vidoleni. Usiishie kusema "miguu inauma". Kuna sehemu itakayokufanya ukunje uso, na hiyo ndiyo itakayoamua ununue nini.

Wengi wanaokuja stoo kulalamika huonyesha kisigino, chini, upande wa ndani kidogo, pale upinde wa unyayo unapoanzia. Muulize mtu huyo asubuhi yake ikoje. Atakwambia hatua za kwanza kutoka kitandani kwenda msalani ni za kushika ukuta. Akishatembea kidogo maumivu yanalegea. Mchana akikaa kula kisha akainuka yanarudi. Kwa kawaida kilichoumia hapo ni ule utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole, unaoshikilia upinde usilale. Hospitali watauita planta fasaitisi. Huenda ukapigwa picha ukaambiwa "mfupa umeota" kisiginoni. Usitishike: wapo watu wengi wenye kimfupa hicho ambao hawajawahi kuumwa, na wapo wanaoumwa vibaya ambao picha yao ni safi. Mtu wa namna hii anahitaji soli iliyokakamaa kiasi chini ya upinde, yenye kisigino kilichochongwa kama bakuli.

Kisigino kina maumivu ya aina nyingine ambayo watu huyachanganya na hayo. Hapa panapouma ni katikati kabisa ya kisigino, panauma mithili ya jeraha la ndani, na asubuhi si mbaya sana. Kadiri unavyosimama kwenye sakafu ngumu ndivyo yanavyozidi. Chini ya kisigino kuna mto wa mafuta ambao Mungu ametuwekea, na umri na miaka ya kusimama huupunguza. Mafundi wazee wanalijua hili. Mtu huyu ndiye hasa anayehitaji kitu laini, lakini kiwe na kingo za juu pembeni ili mafuta yaliyobaki yasisambae, yabaki chini ya mfupa.

Ukitaka kuondoa shaka ya tatu, bana kisigino kwa viganja, upande wa kushoto na kulia kwa pamoja, bila kugusa chini. Ikiwa kubana huko ndiko kunakouma sana, na maumivu yalianza baada ya kuruka kutoka juu au baada ya kazi kuongezeka ghafla, huenda mfupa umepata ufa. Hapo soli haihusiki. Nenda ukapigwe picha.

Maumivu ya mbele, pale mguu unapojikunja nyuma ya vidole, huwapata sana wanaochuchumaa kufunga nondo au kuweka vigae, na wanaopanda ngazi siku nzima. Ukihisi umekanyaga kokoto lakini buti ni tupu, au kidole cha tatu na cha nne vinakufa ganzi, chunguza kwanza kama buti haikubani kwa mbele. Wakati mwingine dawa ni kubadili saizi tu, hakuna cha kununua.

Nyuma ya kisigino, kwenye kano nene inayopanda kwenda shavu la mguu, soli inaweza kusaidia kwa kuinua kisigino kidogo ili kano isivutwe. Fundi viatu yeyote mzuri atakukatia kipande cha ngozi ngumu au raba cha kuweka chini ya soli kisiginoni. Weka miguu yote miwili, hata kama unaoumwa ni mmoja, la sivyo utatafuta maumivu ya kiuno.

Kabla hujatoka kwenda dukani, jiulize pia haya. Miguu inawaka moto usiku, au ina ganzi, au unapata vidonda usivyojua vilitoka wapi? Kapime sukari. Mwenye kisukari anaweza kukaa na msumari ndani ya buti asiusikie, na soli isiyomfaa inaweza kumchuna mpaka akapata kidonda kisichopona. Huyu asijichagulie soli mwenyewe, aende kliniki. Kiungo cha kidole gumba kimevimba, chekundu, hata shuka likikigusa unapiga kelele? Hiyo inaelekea kuwa jongo, na tiba yake si soli. Mguu umevimba baada ya kuteguka na huwezi kuukanyagia, au una homa pamoja na maumivu? Hospitali.

Hatua ya pili: ikague buti yenyewe

Soli nzuri ndani ya buti mbovu ni hela iliyotupwa. Shika buti kisigino kwa mkono mmoja na pua kwa mkono mwingine, uisokote namna mtu anavyokamua nguo. Ikijisokota kirahisi, imekufa. Kisha sukuma pua kuelekea juu: buti iliyo nzuri hujikunja pale vidole vinapoanzia. Ikijikunja katikati, chini ya upinde, hakuna soli ya ndani itakayoufidia ulegevu huo. Mwisho bonyeza ile sehemu ngumu inayozunguka kisigino kwa nyuma. Ikilala, kisigino chako kitacheza humo ndani siku nzima.

Igeuze utazame chini. Kisigino kilicholika sana upande mmoja kinaifanya buti iegemee, na kila soli utakayoweka juu yake itaegemea vilevile.

Kwa wanaonunua mitumba pale soko la Karume, kuna jambo la kujihadhari nalo. Buti nyingi za kutoka Ulaya zina soli ya poliyurethani, aina ya plastiki ya povu, ambayo ni nyepesi na ina mdundo mzuri, lakini ikikaa stoo miaka mingi unyevu huila kutoka ndani. Kwa nje unaona buti mpya kabisa, haina hata mkwaruzo. Unaivaa siku mbili tatu na soli inaanza kumeguka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Kabla hujalipa, kandamiza ukingo wa soli kwa ukucha na ukunje pua kwa nguvu. Ukiona nyufa ndogondogo au unga unadondoka, rudisha mahali pake.

Sasa saizi. Miguu huvimba kidogo kufikia jioni, kwa hiyo pima jioni, ukiwa umesimama na umevaa soksi unazofanyia kazi. Njia ninayoiamini kuliko namba zilizogongwa kwenye buti ni hii: itoe soli iliyokuja na buti, iweke sakafuni, simama juu yake, kisigino kikae vizuri nyuma. Mbele ya kidole kirefu zaidi ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, na pembeni unyayo usimwagike nje ya soli. Ukimwagika, buti ni nyembamba kwako. Fanya kwa miguu yote miwili kisha ufuate ulio mkubwa, maana ni wachache wenye miguu iliyolingana. Kwenye sefti buti kosa la saizi lina gharama zaidi kuliko kwenye raba, kwa sababu kile chuma cha mbele hakitanuki hata ukivaa mwaka mzima.

Kama soli ya kiwandani haitoki kwa sababu imegundishwa, fikiri mara mbili. Kuweka soli juu ya soli kunakuinua mpaka vidole vinagusa chuma na kisigino kinachungulia nje.

Kuna wanaopaswa kuuliza ofisini kabla ya kubadilisha chochote. Viatu vya usalama vinavyofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 20345, ambacho kinadai chuma cha mbele kihimili kishindo cha jouli 200 (jouli ni kipimo cha nishati), hupimwa vikiwa na soli yake ya ndani kama ina uwezo wa kutolewa. Kwa mtu anayefanya kazi kwenye matangi ya mafuta au mahali ambapo cheche ni hatari, buti yake inatakiwa kupitisha umeme tuli kwenda ardhini, na soli ya jeli ya mtaani inaweza kuikatia njia hiyo. Huyo atafute soli ya kiwanda kilekile kilichotengeneza buti, au iliyoandikwa kuwa inafaa kwa viatu vya aina hiyo. Vilevile, usidanganywe kwamba soli nene itazuia msumari. Kinachozuia msumari ni bamba lililomo ndani ya buti kutoka kiwandani.

Na gambuti? Siku ya kumwaga zege kila mtu amevaa gambuti, na jioni kila mtu anachechemea. Gambuti haina kamba, kisigino kinapanda na kushuka, na kwa ndani ni bapa kabisa. Soli iliyokakamaa yenye kikombe cha kisigino inasaidia humo, mradi gambuti isiwe kubwa kupita kiasi na uvae soksi nzito. Lakini usizoee kuivaa siku ambazo hakuna maji wala zege.

Hatua ya tatu: usome unyayo wako

Lowesha mguu, kanyaga kwenye sakafu kavu ya saruji au kwenye katoni, utazame alama. Ukiona unyayo mzima umejaa, upinde wako umelala. Ukiona kisigino na sehemu ya mbele tu, vikiunganishwa na mstari mwembamba upande wa nje au visiunganishwe kabisa, una upinde wa juu. Walio wengi wako katikati.

Alama hiyo haitoshi, kwa hiyo simama wima kwa vidole ukiwa umeshika ukuta, na mwenzako akutazame kwa nyuma. Kwa mtu mwenye nyayo bapa, upinde ukijitokeza na kisigino kikageuka kuelekea ndani, mguu wake ni bapa lakini uko hai. Akihitaji soli, yenye upinde wa wastani inamtosha. Upinde usipotokea kabisa, au akishindwa kujiinua kwa mguu mmoja, amwone mtaalamu. Niseme pia kwamba nyayo bapa si ugonjwa. Wapo wabeba mizigo wenye nyayo bapa tangu kuzaliwa ambao hawajui maumivu ya mguu ni nini, na hakuna sababu ya kuwauzia chochote.

Mwenye upinde wa juu ana shida ya kinyume: mguu wake hauna mdundo, uzito wote unaangukia kisigino na mbele. Huyu asitafute upinde mgumu wa kumsukuma. Atafute soli inayojaza nafasi ile taratibu na yenye mto kiasi.

Hatua ya nne: dukani, tumia mikono kuliko macho

Nenda na buti yako, na nenda na ile soli ya kiwandani uliyoitoa. Ukienda mikono mitupu utauziwa kwa kukadiriwa.

Zilizopo sokoni, ukiacha rangi, ni za aina chache. Sponji ya kawaida ni rahisi na inapendeza siku ya kwanza, kisha inalala chapati. Mtu wa ofisini itamfaa, wa saiti hapana. Jeli inapunguza kishindo kisiginoni, lakini ni nzito, inatunza joto, na peke yake haibebi upinde, hata ikiwa nene kiasi gani. Iva, ile inayotengenezewa kandambili nyepesi, hutofautiana sana: ile laini hulala haraka, ile iliyoshindiliwa huweza kushika umbo kwa miezi. Poliyurethani inadumu na inarudi ilipokuwa ukiibonyeza. Halafu kuna zile zenye ganda gumu la plastiki chini, kuanzia kisiginoni hadi katikati ya upinde, na kitambaa au sponji nyembamba juu. Kwa maumivu ya kisigino cha asubuhi na kwa upinde unaochoka, mimi huwaelekeza watu kwenye hizi za mwisho, au kwenye iva ngumu kama mfuko hauruhusu.

Ya sumaku iache. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani ambapo wenye maumivu ya kisigino walipewa soli zenye sumaku na wengine soli za kufanana nazo zisizo na sumaku, na nafuu ikawa sawa.

Sasa fanya majaribio manne hapohapo mezani kwa muuzaji. Bonyeza upinde wa soli kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote: ukilala mpaka ukagusa meza, hautakubeba. Ikunje: ikunjike mbele, pale vidole vinapoanzia, isikunjike katikati. Tazama kikombe cha kisigino: kiwe na kina cha kutosha kukumbatia kisigino, kisiwe sahani. Kisha iweke juu ya soli ya kiwandani ulinganishe unene wa mbele. Milimita 3 hadi 5 kwa mbele zinatosha; zaidi ya hapo, chuma kitaanza kukukwaruza kucha.

Lililo muhimu kuliko yote manne ni mahali upinde ulipo. Simama juu ya soli ukiwa peku. Kilele chake kikae chini ya upinde wako. Kikiwa mbele mno utahisi umekanyaga donge, kikiwa nyuma mno kitasukuma kisigino. Muuzaji atakwambia, "Hiyo utaikata tu, bosi." Ndiyo, mbele utaikata, lakini kukata vidoleni hakusogezi upinde hata kidogo. Ndiyo maana nunua saizi iliyo karibu na yako, usichukue ya 46 ukaipunguze hadi 41. Upinde mzuri unausikia upo, ila haukuumizi. Ukikuuma dukani, usitegemee kuuzoea.

Kwa maumivu ya mbele, tafuta kipedi kidogo chenye umbo la tone la maji, kinachobandikwa juu au chini ya soli. Kosa la karibu kila mtu ni kukibandika palepale panapouma. Kinatakiwa kikae nyuma kidogo ya hapo, upande wa kisigino, ili kiinue mifupa na kupunguza uzito pale penye maumivu. Ili kupata mahali hapo, paka rangi ya mdomo au chaki iliyoloweshwa kwenye sehemu inayouma, vaa buti ukiwa na soli ndani, tembea hatua chache, kisha vua. Alama itabaki kwenye soli. Ukingo wa mbele wa kipedi uishie pale alama inapoanzia.

Na kuhusu kuchongewa soli yako mwenyewe hospitalini: ni gharama kubwa zaidi, na kwa maumivu ya kawaida ya kisigino si lazima kuanzia huko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kutoka Australia uliwafuatilia wagonjwa 135 wa planta fasaitisi kwa mwaka mmoja, wengine wakiwa na soli za kuchongwa, wengine za kununua tayari, wengine sponji nyembamba tu. Baada ya miezi mitatu, wenye soli za kuchongwa na wenye za kununua walikuwa mbele kidogo katika kutumia miguu yao. Baada ya mwaka, makundi yote matatu yalikuwa yamekaribiana. Kwa lugha ya saiti: soli inakurahisishia kazi wakati mguu unajiponya, na haikuponyi yenyewe. Maumivu haya kwa walio wengi huisha ndani ya mwaka mmoja bila kisu wala sindano.

Hatua ya tano: kuikata na kuiweka

Weka soli ya kiwandani juu ya mpya, zilingane kisiginoni, chora mbele kwa kalamu, kata nje kidogo ya mstari. Jaribu, toa, punguza tena. Usiguse kisigino wala upinde kwa mkasi. Soli ikishaingia, pitisha mkono ndani upapase: isijikunje ukingoni, isipande ukutani, isiteleze. Halafu funga kamba. Nalisema hili kwa sababu nusu ya watu saiti huziacha kamba zimelegea ili iwe rahisi kuvua wakati wa chakula au swala, na buti iliyolegea hubatilisha kila kitu ulichofanya. Sukuma kisigino nyuma kwa kugonga sakafu, kisha kaza kuanzia chini kwenda juu.

Tembea kwenye mteremko au shuka ngazi. Vidole vikigusa chuma, soli ni nene au buti ni ndogo.

Hatua ya sita: izoee taratibu

Siku ya kwanza ivae saa moja au mbili, siku inayofuata ongeza, hadi ifike zamu nzima baada ya wiki moja au mbili. Beba ya zamani mfukoni ubadilishe mchana. Misuli ya shavu la mguu na ya unyayo inaweza kuchoka mwanzoni, hilo ni la kawaida. Yasiyo ya kawaida ni malengelenge, ganzi, au maumivu mapya ya goti, nyonga au kiuno ambayo hayapungui. Hapo itoe. Kama soli imekaa wiki sita na asubuhi zako hazijabadilika hata kidogo, aina uliyochagua si yako, au tatizo si lile ulilodhani.

Hatua ya saba: saa zile ambazo hujavaa buti

Mtu anavaa soli nzuri saa kumi kazini, anafika nyumbani, anavua, anatembea peku kwenye vigae au kwa kandambili zilizokwisha kisigino hadi usiku. Kisigino kinachouma asubuhi hakitakusamehe hilo. Weka kando ya kitanda ndara zenye upinde kidogo na kisigino kinene, uzivae kabla mguu haujagusa sakafu.

Kabla ya kuinuka asubuhi, pandisha mguu juu ya goti, vuta vidole kwa mkono kuelekea kwenye muundi mpaka usikie unyayo umekazana, hesabu kumi, achia. Rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, hata mchana umekaa juu ya matofali. Kisha nyoosha shavu la mguu: viganja ukutani, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka na kisigino kimebaki chini, sekunde 30, mara tatu, rudia goti likiwa limekunjwa kidogo. Jioni, gandisha maji kwenye chupa ndogo ya plastiki, ikunje ndani ya kitambaa, uizungushe chini ya unyayo dakika chache. Haya hayauzwi, labda ndiyo maana hayatangazwi.

Ikishindikana, nani wa kumwona

Kuna fundi viatu, kuna muuza duka, na kuna mtaalamu aliyesomea vifaa saidizi vya miguu. Moshi, kwenye eneo la hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT kilichoanza mwaka 1981, kinachofundisha wataalamu hawa kutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili na hospitali ya CCBRT hutoa huduma za vifaa hivyo. Nenda na buti zako za kazi, usiende na viatu vya Jumapili. Mtaalamu anasoma mengi kwenye soli iliyolika.

Kuhusu gharama, fahamu kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, sawa na ile ya Kenya ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga vinavyofaa kwa kazi. Buti ya saizi isiyo yako si kifaa kinachofaa. Mwambie mtunza stoo. Wengine tuna saizi za ziada nyuma ya rafu na tunachosubiri ni mtu aseme. Soli ya ndani kwa kawaida utainunua mwenyewe, ila ukiwa na barua ya daktari, ipeleke ofisini kabla hujatoa hela mfukoni.

Utunzaji na muda wa kubadilisha

Joto la Dar na jasho la buti huzaa harufu na fangasi. Kila jioni toa soli, zianike kivulini penye upepo, usizianike juani wala kuziacha juu ya dashibodi ya gari, kwa sababu ganda la plastiki hupinda na gundi huachia. Zifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Usizitie kwenye ndoo ya kufulia. Ukiweza kuwa na jozi mbili za buti ukazipokezanisha, kila moja itapata siku ya kukauka.

Ya sponji na ya jeli, kwa mtu wa saiti, ikague kuanzia mwezi wa tatu tangu uanze kuivaa. Yenye ganda inaweza kufika mwaka, ingawa kitambaa cha juu hutangulia kuchakaa. Iweke mezani uitazame kwa pembeni: kama alama ya kisigino imechimbika na haitaki kurudi, au upinde umelala kuliko siku uliyoinunua, imemaliza kazi hata kama juu bado inang'aa. Siku unayoiweka kwenye buti kwa mara ya kwanza, andika mwezi na mwaka kwa maka peni upande wa chini, kwa sababu hakuna anayekumbuka alinunua lini, na badilisha zote mbili kwa pamoja.